Mkunjo wa Saba

Maneno yalikuwa mawili tu. Tirza aliyatamka asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, na mpaka jua linaanza kuzama nyuma ya mapaa ya mtaa wa Nahlaot yalikuwa bado yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Baba yake alimuuliza kama taa yake ya Hanukka, sikukuu ya Wayahudi ya siku nane za mianga, ina kitu chochote ndani yake zaidi ya fedha. Naye akajibu, "Fedha tupu, Baba."

Mzee Yihya akaamini. Kwa nini asiamini? Alikuwa sonara, mwana wa sonara, mjukuu wa masonara waliobeba nyundo zao kutoka Sanaa, Yemeni, hadi Yerusalemu. Katika karakana yao chini ya nyumba watu waligombana juu ya kila kitu, siasa, chumvi ya supu, nani kamaliza gesi ya kulehemea, lakini juu ya kilichomo ndani ya kazi hakuna aliyewahi kumdanganya mwenzake. Uongo wa Tirza ulikuwa wa kwanza. Ulikuwa mwembamba, upana wa unywele, nao ulijificha chini ya mkunjo wa saba.

Taa yenyewe ilikaa dirishani ikisubiri. Ukiiona ungedhani haijaisha. Haikuwa na ua, wala simba, wala zile nyuzi za fedha zilizosokotwa ambazo Mzee Yihya alijulikana kwazo mji mzima. Ilikuwa bamba moja la fedha, urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole, limekunjwa mara nane mfululizo, na kila mkunjo ulikuwa kikombe cha mafuta chenye utambi wake, vyote vimekaa mstari mmoja, kimo kimoja, kama sheria inavyotaka. Pembeni, juu kidogo ya wenzake, ulisimama mkunjo wa tisa peke yake. Huo ndio mtumishi, mwanga wa kuwashia mingine. Tirza aliihangaikia kazi hiyo miezi saba. Hakutia lehemu hata tone. Hiyo ndiyo ilikuwa jeuri yake: bamba moja, nyundo, moto na mikono.

Siku tatu nyuma, mkunjo wa saba ukapasuka.

Kosa alilijua. Fedha ukiigonga sana inakuwa ngumu na yenye hasira. Inabidi uichome, uipoze, ilainike, ndipo uendelee. Tirza alikuwa na haraka. Alijiambia kwamba mapigo kumi zaidi hayatamdhuru mtu, na kwenye la nane akasikia "tik", sauti ndogo ambayo kila sonara anaijua na hakuna anayeipenda. Kuziba ufa kwa lehemu kulitaka moto mkali, na moto mkali ungelegeza mikunjo yote na kuiacha fedha na madoa. Basi akachukua gundi, ile ya kubandikia vijiwe kwenye hereni za bei rahisi, akaijaza ufani, akapiga tupa, akasugua, akang'arisha. Haikuonekana. Hata yeye mwenyewe ilimbidi aitafute.

Utasema si angeyeyusha tu aanze upya. Kwa muda upi? Jioni ya kwanza ya Hanukka Mzee Yihya, ambaye macho yake yameingiwa na ukungu ambao daktari amesema hautoki tena, alitangaza mezani kwamba anaacha kazi. Muhuri wa ukoo, chuma kifupi chenye alama ya komamanga, alitaka auache mikononi mwa mtu akiwa bado hai. "Jioni ya nane tutawasha ya Tirza," alisema. "Mianga minane, nusu saa kamili. Ikifika, nagonga muhuri chini yake na muhuri ni wake. Isipofika, muhuri ni wa Ovadia."

Ovadia ni mtoto wa kaka yake Mzee Yihya. Alikuwa na duka la kuuzia watalii, na taa zake zilimiminwa na mashine huko ng'ambo, mia kwa siku, zote zikiwa na tabasamu lilelile. Kilichopungua ni komamanga tu chini yake. Si mtu mbaya, Ovadia, na ndiyo sababu alimkera Tirza zaidi.

"Haya, jua limezama," Ovadia alisema, akichungulia uchochoro. Mvua ilikuwa imeanza. "Ami, uko tayari?"

"Mimi nilikuwa tayari kabla baba yako hajaota ndevu. Tirza, tia mafuta."

Tirza akamimina mafuta ya zeituni, kikombe kimoja baada ya kingine. Alipofika cha saba mkono ukamtetemeka, tone likaanguka kwenye kizingiti cha dirisha.

"Unatetemeka," alisema mama yake, Mama Lulwa, aliyekuwa akitoa zalabia kwenye karai. Mama huyu alikuwa na macho ya watu wawili, yake na ya mumewe.

"Baridi, Mama."

"Baridi! Nimekaanga tangu saa nane, nyumba hii ni hamamu."

Mzee Yihya akasimama mbele ya dirisha. Akaomba aonyeshwe mwanzo wa mstari, akapapasa mikunjo yote kwa kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayehesabu meno ya mtoto. "Iko sawa," alisema. "Kimo kimoja. Lakini urembo uko wapi, binti yangu? Hii ni trei ya daktari wa meno."

"Urembo ni mwanga wenyewe, Baba."

"Hayo ni maneno uliyoyaleta kutoka chuoni." Lakini alicheka. Kicheko hicho kilimuuma Tirza kuliko angetukanwa.

Mzee akasoma baraka mbili kwa ule mvuto wa sauti wa kwao, akashika mwanga wa mtumishi, na Tirza akiuongoza mkono wake akawasha wa nane, akawasha wa saba, akaendelea hadi wa kwanza. Mikunjo ikapokea. Fedha laini isiyo na nakshi ikaurusha mwanga huku na huku, kila ukuta mdogo ukiupokea kwa jirani na kuupeleka mbele, mpaka ikawa vigumu kujua palipo moto na palipo fedha. Mama Lulwa akaacha karai. Hata Ovadia akasogea karibu.

"Naona," alisema Mzee Yihya kwa sauti ya chini. "Lulwa, naona mstari. Siioni mianga, lakini mstari nauona." Machozi yalimlenga, naye hakuyaficha.

Ovadia akaweka simu yake mezani, inahesabu dakika. Thelathini.

Wakaimba. Wakakaa. Mama Lulwa akafuta mikono na kuvua aproni, kwa kuwa katika nyumba hiyo mwanamke hashiki kazi yoyote kwa nusu saa ya kwanza taa za Hanukka zikiwaka. Hashoni, hafui, hashiki nyundo. Ni haki yao, na Mama Lulwa aliilinda kuliko pensheni. "Tirza, kaa chini. Leo hata kijiko hunishikii."

Tirza akakaa pale anapoweza kuuona mkunjo wa saba. Dakika ya sita hakuona kitu. Dakika ya tisa aliona kitu ambacho huenda kilikuwa kivuli. Dakika ya kumi na moja kivuli kikang'aa, kikanenepa, kikadondoka.

Gundi ilikuwa inalainika. Fedha inabeba joto upesi kuliko metali yoyote. Hilo analijua hata mwanafunzi wa siku ya kwanza, naye alilijua akiwa na gundi mkononi, akajifanya halijui.

Akainuka, akainama karibu na dirisha.

"Unafanya nini?" Mama Lulwa aliuliza.

"Natazama tu."

"Unatazama au unachunguza kitu? Mianga hii si ya kutafutia sindano. Ni ya kutazamwa."

"Ndiyo natazama, Mama!"

"Mbona unanifokea?"

"Sifoki."

"Mwacheni," Mzee Yihya alisema. "Ni ya kwake. Mimi ya kwanza nililala nayo kitandani."

Tone jingine. Sasa yalikuja moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa sekunde kadhaa za moto zinazopotea. Chupa ya mafuta ilikuwa kwenye rafu, umbali wa mkono. Angeweza kuongeza kidogo, kijiko kimoja tu, mama yake akigeuka. Lakini kwa sheria ya Hanukka mafuta yanayohesabiwa ni yale yaliyomo wakati wa kuwasha. Ukiongeza katikati unaongeza moto tu, sheria huitimizi. Anayeona ataona mwanga, na aliyeko juu ataona kijiko. Tirza hakuwa mtu wa dini sana. Aliendesha gari siku ya Sabato, alikula alichotaka huko Tel Aviv. Ajabu ni kwamba kijiko kile hakuweza kukigusa.

"Dakika kumi na sita," Ovadia alitangaza, mdomo umejaa zalabia. "Binti ami, niseme ukweli? Ni nzuri. Mimi nisingeweza kuiuza hata kwa dawa, lakini ni nzuri."

"Asante."

"Ukipata muhuri, nipe moja niiweke dirishani dukani. Wateja waone ambacho ningekuwa nacho kama ningekuwa na akili."

"Ukipata wewe?" Tirza aliuliza bila kumtazama.

Ovadia akameza kwanza. "Nikipata mimi nitaweka komamanga kwenye kila kitu. Mpaka kwenye vifungua chupa. Mimi ni mfanyabiashara, dada, sijawahi kuficha."

Sijawahi kuficha. Neno likamchoma Tirza pale pale palipokuwa tayari na jeraha. Akatazama tena. Mwanga wa saba ulikuwa umeshuka chini ya wenzake kwa unene wa kucha. Mtu mwenye macho angeanza kuona. Mama yake alikuwa na macho, lakini wakati huo alikuwa akimsimulia Ovadia jinsi jirani wa juu alivyomwaga maji ya kudekia kwenye nguo zake. Baba yake alikaa kwenye kiti chake, uso kuelekea dirishani, mikono juu ya magoti. Kwenye mfuko wa shati lake ule muhuri ulichomoza kama kalamu.

Dakika ishirini.

Sasa akaanza kupiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyomtesa. Ufa ulikuwa upande wa juu kidogo. Mafuta yakishuka chini ya ufa, kuvuja kutakoma, na yatakayobaki yataungua polepole. Yangetosha dakika kumi? Pengine. Pengine yasitoshe. Ikiwa yatatosha, hakuna atakayejua kamwe. Baba yake atagonga. Komamanga litakaa chini ya fedha na gundi, na kesho asubuhi atashuka karakanani, atafunga mlango, ataziba kwa lehemu na nani atauliza? Kitu pekee kilichotakiwa kwake ni kukaa kimya dakika kumi. Watu hukaa kimya miaka.

"Tirza," Mzee Yihya aliita.

"Naam, Baba."

"Zote nane zinawaka?"

Alimuuliza yeye. Si mama yake, wala Ovadia mwenye simu.

"Zinawaka," alijibu. Ilikuwa kweli.

"Vizuri. Mimi naona mstari umeingia giza kidogo upande mmoja. Nadhani ni jicho langu."

Basi ni hapo aliposhindwa. Si sheria iliyomshinda Tirza, wala Ovadia, wala hofu ya kukamatwa. Ni mzee yule kulilaumu jicho lake. Alijiona akimwacha baba yake aingie kaburini akiamini kwamba macho yake yalikosea siku hiyo, wakati siku hiyo ndiyo pekee yalipoona sawasawa.

"Si jicho lako," alisema.

Mama Lulwa akakatisha hadithi ya jirani.

"Si jicho lako, Baba. Ni mkunjo wa saba. Unavuja." Sauti ilitoka kavu, akaacha itoke. "Ulipasuka. Nilikosa kuuchoma nikaendelea kugonga. Nikauziba kwa gundi. Asubuhi uliponiuliza nilikudanganya."

Simu ya Ovadia ilionyesha dakika ishirini na nne.

"Gundi!" Ovadia aliruka. "Ami, gundi! Hata mimi sitii gundi! Vya kwangu vibaya lakini ni metali mwanzo mpaka mwisho!"

"Ovadia, kaa," alisema Mzee Yihya.

"Lakini ami—"

"Kaa. Nusu saa haijaisha."

Wakakaa wote wanne, na hizo zilikuwa dakika ndefu kuliko zote Tirza alizowahi kuishi. Hakuna aliyegusa zalabia. Mvua ilipiga kioo. Alitaka baba yake apige kelele, amwite mwongo, avunje kitu. Mzee huyo akiwa kijana aliwahi kutupa sinia dirishani kwa sababu ya ua moja lililopinda. Sasa mkono wake mmoja ulikuwa umefunika mfuko wa shati.

Mwanga wa saba ukawa mdogo, wa buluu, umekaa kwenye ncha ya utambi. Tirza aliusubiri uzimike. Aliutaka uzimike, ili angalau asiwe ameungama bure. Dakika ishirini na saba. Ukatikisika. Dakika ishirini na tisa. Ulikuwa bado pale, mkaidi, mdogo kuliko punje ya mtama.

Simu ikalia. Nusu saa. Mianga minane.

"Zinawaka ngapi?" Mzee Yihya aliuliza.

Mama Lulwa ndiye aliyejibu, taratibu. "Nane."

Ndipo mwanga wa saba ukazimika, ukaacha uzi wa moshi.

Tirza akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Dakika sita. Angefunga mdomo dakika sita tu, ulimwengu wote ungekuwa wake.

"Basi huku juu taa imekubaliwa," alisema Mzee Yihya. "Twende chini."

Wakashuka ngazi za karakana, Mama Lulwa mbele na tochi ya simu maana taa ya ngazini ilikuwa imeungua tangu Pasaka. Tirza alibaki nyuma kuizima mianga iliyobaki, akayafuta mafuta kwa pamba na kuiweka pamba kando ili ichomwe, maana mafuta ya jioni ya nane hayarudi jikoni. Akashuka na taa mikononi, bado ina joto. Akaiweka mezani mbele ya baba yake, akainamisha kichwa.

Mzee Yihya akaipindua. Kidole kikatembea kwenye mkunjo wa saba, kikarudi, kikatembea tena. Sasa gundi ilikuwa imetoka, ufa uko wazi, na kidole kikasimama juu yake.

"Asubuhi nilipita hapa mara mbili," alisema. "Sikuhisi kitu."

"Nisamehe, Baba."

"Hunielewi. Nilijua macho yamekwisha. Nilidhani kidole kipo." Akakiondoa kidole juu ya ufa. "Ningegonga, Tirza. Ningegonga, na Jumamosi ningejisifu sinagogi mpaka watu wakimbie. Hilo ndilo linaloniuma, si gundi yako."

"Amekudanganya, ami!" Ovadia alisema kutoka mlangoni. "Uso kwa uso!"

"Amenidanganya. Na bila yeye ningejuaje?"

Mzee akatoa muhuri mfukoni. Akalipapasa komamanga kwa kidole gumba, akautafuta mkono wa binti yake, akauweka muhuri humo na kuvifunga vidole vyake juu yake kwa nguvu iliyouma.

"Mkaguzi wa muhuri huu nilikuwa mimi," alisema. "Kuanzia leo hayupo. Nyundo unajua ilipo. Ahadi ilikuwa nusu saa, na nusu saa imefika. Gonga au usigonge, mimi sioni."

Akaenda kukaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, mgongo ukutani, akainamisha kichwa upande wa sikio linalosikia vizuri. Mama Lulwa alitaka kusema jambo, mzee akamshika mkono.

Tirza alisimama na muhuri kiganjani. Fuawe ya kugongea ilikuwa mbele yake, nyundo ikining'inia mahali pake, na taa ya miezi saba imelala kifudifudi, uso wa chini ukiwa mweupe na safi, na pale katikati nafasi aliyoiacha makusudi kwa ajili ya komamanga. Pigo moja lingetosha. Ufa angeuziba kesho kwa lehemu.

Alifungua droo.

Mzee Yihya alikuwa akisubiri mlio wa nyundo. Kwa miaka sitini alikuwa ameusikia ule mlio mmoja mfupi wa muhuri ukiingia kwenye fedha, na asingeweza kuukosea. Ulichelewa. Kisha sauti ikaja, si ya nyundo, ni ya mkasi wa bati ukifunga meno yake: krrak, kituo, krrak. Fedha ikikatwa polepole, mkunjo kwa mkunjo, vipande vikiangukia kwenye chungu cha kuyeyushia, na kati ya sauti hizo pumzi za mtu anayelia bila kuacha kazi.

Alihesabu hadi nane. Hakuharakisha.

"Ovadia," akasema hatimaye, akiukunjua mgongo. "Zile zalabia. Kalete, kabla hazijapoa, maana binti ami yako ana kazi hapa."